Dagaa Wenye Mchanga

Mke wangu Rhobi,

Musoma kuna upepo mzuri, nami sijambo. Leo mwaloni, wanaposhushia samaki, binti mmoja amewapita wauza dagaa wote hadi kwa kijana Magesa.

"Dagaa zako zinakuwaga na mchanga tu!" akamfokea, kisha akanunua makopo mawili.

"Mzee, huyu ananichukia," Magesa akaniambia. "Kila siku hivi. Nitahamia kisiwani Rukuba."

Nikamweleza taratibu kwamba binti angemchukia, angenunua kwa wengine. Magesa akamkimbilia binti.

"Kesho nisikuwekee?"

Binti akageuka upesi. "Nani kasema? Weka, ila uchambue!"

Rukuba imeahirishwa. Nakuletea dagaa hao hao wa Magesa. Najua utawasema, kama ulivyokuwa ukiisema baiskeli yangu kabla hatujaoana. Wewe sema tu, nina hamu ya kukusikia.

Mumeo