Barua Niliyomsomea Chelangat

Shamba la Bwana Kofia,
Posta ya Molo.
Jumatatu, 10 Juni 1957.

Kwa dada yangu Nafula,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji hapo reli bado anapewa zamu za mchana kama alivyoomba. Sisi ni wazima. Mume wangu Barasa alikuwa na kikohozi wiki mbili, sasa anakula vizuri. Wafula na watoto wengine wanakuuliza kila siku.

Uliniandikia kunipongeza kwa kuwa nimekuwa mkubwa wa wanawake wachuma pareto, ukasema kama mama angalikuwa hai angepiga vigelegele. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona haya. Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa.

Unajua kwamba katika kambi yetu hii mimi ndiye mwanamke pekee aliyefika darasa la nne. Barua za watu nasoma mimi. Memsahibu akiwa na tangazo, huniita mimi niwatafsirie wenzangu. Hakuna aliyenichagua, lakini nikipita njiani walinipisha, na kwenye bomba la maji walinitangulizia debe langu. Nilizoea, dada. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Mwaka juzi akaja Chelangat kutoka upande wa Londiani, mumewe dereva wa trekta. Ni mwanamke mfupi, maneno machache, hajui hata kuandika jina lake. Sikumtia maanani mpaka mwezi wa nne mwaka huu, mvua ilipoanza. Sisi wenye watoto wachanga huwalaza kwenye magunia kando ya mistari ya pareto, maana nyumbani hakuna wa kubaki nao. Mtoto wa Jepkosgei, msichana aliyeolewa hapa majuzi, akaanza kupumua kwa shida. Mimi nilikwenda kwa nyapara Kipkorir, nikaomba ruhusa kwa adabu. Akasema mama asubiri mpaka maua yapimwe. Nikarudi, nikamwambia Jepkosgei asubiri.

Chelangat alikuwa amesimama hapo akisikia. Alitua kikapu chake chini, akamfunga mtoto yule mgongoni mwake kwa leso kavu, akamwambia mama yake, “Twende.” Basi. Nyapara alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nao wakaenda zao kwa miguu hadi zahanati ya Molo. Mtoto alipona. Dresa, yule mtibabu wa zahanati, aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangerudi na maiti.

Tangu siku hiyo nikaona wanawake wanabadilisha njia. Walikuwa wakipita mlangoni kwangu kwenda kwake. Mwenye ugomvi na mumewe, kwake. Mwenye mtoto mgonjwa, kwake. Hata binti yangu alipotoga masikio alikwenda kumwonyesha yeye kwanza. Na siku moja tukiwa tunakula, Barasa alisema bila kuulizwa kwamba mama yule ana uzito. Nilimwuliza mimi nina nini. Akacheka, akaomba mboga.

Kisha Chelangat akaja kwangu na ombi. Wanawake walikuwa wamekubaliana kuomba kibanda chenye bati cha kulazia watoto, na mmoja wetu aachwe awatunze. Bwana Kofia, mwenye shamba, alikuwa amekataa mara mbili. Sasa walitaka kumwandikia afisa wa kazi aliye huko kwenu Nakuru, na mwandishi ni mimi tu. Alinitajia neno baada ya neno, na mwisho akasema niandike jina lake peke yake, ili kukitokea ubaya umpate yeye. Unajua siku hizi za hali ya hatari, watu kukusanyika bila kibali si mchezo. Niliandika. Lakini moyoni nilisema: anataka sifa, na kalamu ni yangu.

Jibu likaja. Alilileta Jumapili, bado limefungwa, akaketi kwenye kigoda changu, akaniambia, “Mama Wafula, soma polepole, nataka nilishike kichwani.” Nikamsomea kwamba afisa atafika shambani Alhamisi saa nne, na wanawake waje mbele ya stoo waseme wenyewe.

Alhamisi wakaacha vikapu, wote thelathini na kitu, wakasimama mbele ya stoo kwenye manyunyu, watoto mgongoni. Nami nilikuwa kati yao. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Hakuna aliyekuja ila Bwana Kofia na askari wawili. Akauliza nani aliyeita watu waache kazi. Chelangat akasogea mbele, akasema ni yeye, na hawa wengine aliwadanganya. Hakututazama. Bwana akampa mpaka Jumamosi awe ameondoka na jamaa yake yote. Mumewe, aliyekuwa hajafanya lolote, akapoteza trekta siku hiyo hiyo.

Wakati wanapakia vitu vyao, wanawake walimwuliza nani sasa atawasemea. Aliwaambia, “Mfuateni Mama Wafula. Mnahitaji mtu wa kuandika.” Ndivyo nilivyopata ukubwa huu unaonipongeza. Nikaandika barua nyingine, afisa akaja, akamkemea Bwana, na sasa kibanda kipo, bati zinang’aa. Siku ya kukifungua walinibeba juu juu wakiimba jina langu.

Sasa sikia nisichoweza kukiweka ndani tena. Barua ile ya kwanza haikusema Alhamisi. Ilisema Jumanne.

Sikupanga. Nilifika kwenye ile siku, nikainua macho, nikamwona ameketi ananitegemea hivyo, ametulia kabisa, na mdomo wangu ukasema Alhamisi. Nilitaka tu aaibike mbele yao mara moja, asimame pale na afisa asije, warudi mlangoni kwangu. Sikufikiria askari. Lakini sitajitetea, kwa sababu nilikuwa na siku nzima ya Jumatatu ya kusahihisha, na sikusahihisha. Jumanne saa nne, tukiwa shamba la juu, niliona gari la afisa likiingia kwa Bwana. Nilijua ni lake. Nikainama nikaendelea kuchuma. Likatoka baada ya nusu saa.

Na liko baya zaidi. Chelangat alijua. Ijumaa alasiri, kabla hawajaondoka, alikuja kwangu peke yake akanipa barua ile. Alisema dresa wa Molo amemsomea. Nilingoja anitukane. Akasema, “Sijamwambia mtu. Nikiwaambia watagawanyika, na watoto watabaki mvuani. Waandikie tena.” Akaenda. Jumamosi ndipo akawaambia wanifuate. Kwa hiyo dada, hata cheo nilichomwibia, ni yeye aliyenipa kwa mkono wake. Unafikiri nililia? Nilikasirika. Nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu mahali pake mimi nisingeweza.

Jana baada ya ibada niliwaita kwenye kibanda, nikawaambia yote. Mama Cheptanui, mkubwa wetu kwa umri, aliuliza kama barua bado ninayo. Nikaitoa. Akasema nisome ilivyoandikwa. Nilipoitaja Jumanne, Jepkosgei alimchukua mtoto wake kutoka kwenye mkeka ulio karibu nami, akaenda kukaa upande wa pili. Hilo ndilo lililoniuma.

Wameniondoa. Watachagua mwingine mwisho wa mwezi. Barua nitaendelea kuwaandikia, ila kila moja dresa ataisoma upya kabla ya kutiwa posta. Na wamesema niende mwenyewe kwa Chelangat, nimwambie kwamba sasa wanajua.

Nimeambiwa yuko Lanet, hapo karibu na kwenu, kwa shemeji yake, na mumewe bado hajapata kazi. Nitashuka Jumamosi kwa gari moshi la asubuhi. Tafadhali nipokee stesheni, twende pamoja, na umwombe shemeji aulize reli kama wanahitaji dereva. Peke yangu sitaweza. Si kwamba naogopa atanifukuza. Naogopa atanivutia kiti, aniulize habari za watoto, nami nianze kumwonea wivu tena pale pale mlangoni kwake.

Barasa anasema upunguze kubeba mizigo. Wasalimie majirani zako wote, na umbusu mwanao mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Nabalayo