Tonge la Kwanza la Kamanda

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu marehemu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo unataka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi hatuna heri. Nakuandikia barua kwa kuwa kwenye simu nikipandisha sauti kidogo tu unakata. Barua haikatiki.

Jumapili nilikwenda shuleni kupeleka sare nilizoshona, nikakuachia Baba kwa muda mfupi tu. Ukamletea kuku wa kuchoma, ukaondoka kifua mbele kabla sijarudi. Mlango wa jiko una karatasi yenye herufi kubwa kama za bango la duka: KAMANDA HALI KUKU, SAMAKI WALA NG'OMBE. Hukuiona?

Kamanda ni paka wa miaka kumi na sita, kaka. Daktari wa mifugo alihangaika sana mpaka akajua ni mzio wa vyakula hivyo. Sasa masikio yamevimba, macho yamebaki mistari miwili, shingo ameikwaruza mpaka inatoka damu. Nimemvisha kola ya plastiki, anajigonga kwenye miguu ya meza. Baba anamtazama na sahani ameisukuma.

Mdogo wako, mwenye hasira

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi huku wazima.

Karatasi niliiona. Nilidhani aliyekatazwa ni paka, kumbe na Baba! Nilimkuta mzee wa watu anakula mbuzi wa kuchemsha na boga, hata chumvi hakuna. Amekonda mpaka mkanda umetobolewa tundu jipya. Unamlisha baba yetu chakula cha paka, halafu unanifokea mimi? Kuku nilimpa Baba. Baba alichofanya na kuku huyo ni juu yake.

Jumamosi nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, ale kama mtu. Paka abaki na wewe na karatasi zako.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, maana mimi barua yako imenipandisha presha.

Wewe ulikuja kumzika mama, ukapokea pole za watu, ukaondoka. Kilichofuata hukukiona. Baba aligoma kula. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikalia mbele yake kama mtoto. Siku moja Kamanda akapanda kwenye kiti cha mama, Baba akamega tonge akampa. Paka akala. Baba naye akala. Tangu siku hiyo tonge la kwanza ni la Kamanda, na Kamanda asipokula, Baba hali.

Unadhani sikujaribu mengine? Nilimfungia paka chumbani, Baba akakaa mbele ya sahani mpaka mchuzi ukaganda. Nikawapikia vyakula viwili, Baba akampa paka cha kwake, hata umlinde vipi. Basi nikaamua wote wale kinachomfaa paka. Chumvi haimo kwa sababu figo za Kamanda zimechoka. Na mimi nakula hichohicho, kaka! Samaki nawasikia harufu kwa jirani tu.

Ukimchukua Baba, mchukue na paka. Usiniletee ubishi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Najua umenuna tangu Jumamosi ile nilipomwondoa Baba bila paka. Wifi yako hataki manyoya kwenye makochi mapya, na mimi sitaki vita ndani ya nyumba.

Baba yuko salama. Tumempa chumba cha mbele chenye jua. Analala vizuri. Mchana anakaa dirishani. Wifi yako anampikia kuku, samaki, kila kitu, na chumvi yake. Anazoea. Ondoa wasiwasi.

Kaka yako

5 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Safari hii siulizi hali ya mtu mwingine.

Baba analala. Baba anakaa. Baba anapikiwa. Wapi umeandika kwamba Baba anakula?

Nijibu.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Mlete paka. Njoo haraka.

Kaka yako

20 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila mbuzi ametutokea puani. Watoto wamenuna. Wifi yako amefunika makochi kwa mashuka, hasemi na mtu. Nimebandika karatasi yangu jikoni, herufi kubwa kuliko zako. Manyoya ya shingo ya Kamanda yameota tena, na mkanda wa Baba umerudi tundu la zamani.

Jana alikuja shemeji yangu. Akaitazama sahani ya Baba, akaniambia mbele ya wanangu, "Shemeji, huoni haya kumlisha mzee chakula cha paka?" Nilimwambia atoke. Nilikuwa natetemeka mwili mzima. Alipofunga mlango ndipo nikakukumbuka wewe, nikakaa chini.

Kaka yako

26 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na wifi ameanza kusema.

Barua yako imenichekesha, kisha ikanikasirisha upya. Shemeji yako alikutukana mara moja tu, ukatetemeka. Mimi ulinitukana kwa maandishi, ukatia na sahihi. Na neno samahani bado sijaliona. Limebaki kwenye kalamu?

Juzi nilinunua kuku. Nilimkaanga, nikatia chumvi bila huruma, nikakaa mezani peke yangu. Nikamega kipande, nikakiweka pembeni ya sahani kabla sijajua ninafanya nini. Baada ya hapo sikuweza kula. Kuku mzima nimempelekea jirani. Nimekasirika na wewe, nimekasirika na kuku, na nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Jumapili nakuja kuwachukua wote wawili. Usibishe. Mwambie wifi atoe mashuka kwenye makochi. Usinipikie kitu cha mgeni, chemsha mbuzi. Nitanawa mikono kwanza kabla sijawashika, isibaki hata harufu ya kuku.

Mdogo wako