Bakuli la Maji la Doria

Ami yangu,

Doria, mbwa uliyeniachia, hajambo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza mimi kama nimekula. Yuko uani sasa hivi, kalala juu ya sakafu niliyoimwagia maji, kila mguu kautupa upande wake, ulimi nje. Joto la kaskazi ya safari hii limetuchoma kweli. Hata paka wa hapa Kiponda wameacha vibaraza, wamehamia kwenye ngazi za ndani za watu.

Nakuandikia waziwazi, si kimoyomoyo kama nifanyavyo kila nikimaliza kusali. Lile neno lako juu ya Bi Zuwena, jirani yetu wa ukuta mmoja, hukulisema chumbani. Ulilisema barazani mbele za watu, ukalirudia mpaka umri wako ukaisha: kwamba alimtilia sumu mbwa wako Shaba. Basi na haya nataka yasomwe na wale wale waliokusikia.

Ulikuwa mtu wa shaka, Ami, na mimi uliyenilea ukanilea hivyo hivyo. Samaki ulimfunua mashavu mara mbili, mara ya pili baada ya kwisha kumlipia. Chai ya dada yako wa tumbo moja uliinusa kabla ya kuinywa, naye akakasirika kila mara, nawe ukainusa kila mara. Lakini kwa mbwa shaka yako ilikuwa na maana. Kabla ya kumtoa Shaba nje ulinivua kandambili, ukanisimamisha juu ya mawe ya njia, wewe umekunja mikono unanitazama kama askari wa forodha anayekagua mzigo.

"Ukirukaruka, harudi nje mpaka jua lizame," ulikuwa ukisema. "Yeye hana viatu, wala hana mdomo wa kulalamika."

Kwa hiyo tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mawe bado baridi, njia tupu. Pwani ya Shangani maji yakiwa yamekupwa, ulikuwa ukimtupia Shaba kumbi la nazi, naye analikimbilia, kisha katikati ya safari anaona kaa, anasahau kumbi, anamfukuza kaa mpaka tunduni na kubaki anapiga chafya za mchanga. Hapo ulikuwa ukicheka mpaka unakaa chini. Sijakuona ukicheka vile mahali pengine popote. Mchana ulimgandishia maji ya kuchemshia samaki, yasiyo chumvi, katika mifuko midogo kama ile ya barafu za watoto, ukamchania moja, naye akailamba na kuisukuma ua mzima. Safari moja tulimchukua Jambiani kwa shangazi, akaingia baharini kwa furaha akakanyaga kamba za mwani za watu. Kina mama walitutoa mbio, na wewe uliyekuwa na ndevu nyeupe ulikimbia mbele yetu sote.

Ukirudi nyumbani ulivua shati lako ulilolitenga kwa kumshikia mbwa, ukalitundika kwenye msumari wake peke yake, ukaenda bombani. Pale palikuwa na kopo la udongo safi. Mahali alipokulamba ulipaosha mara saba, moja kwa udongo, ukihesabu kwa sauti ili nami nisikie kwamba hukuruka. Mbwa wa ulinzi hana ubaya, ulinieleza, ila mate yake yana kanuni zake. Mtaani walisema umechanganyikiwa, mzee mwenye msala wake anafuga mbwa. Ukawashuku wote, na zaidi ya wote ukamshuku Bi Zuwena, kwa sababu yeye hakusema kitu.

Halafu siku moja ya kaskazi kama hii ulimkuta kainama kwenye mlango wa mbao unaounganisha ua wetu na wake, anamimina maji kwenye kifuu cha nazi, Shaba mbele yake anatikisa mkia. Ulikipiga kifuu teke kikapasuka ukutani.

"Mbwa wangu usimsogelee, Bi Zuwena. Na maji yako siyataki."

Alijifunga mtandio wake vizuri, akaondoka. Kesho yake ulikuwa na safari ya Mwanakwerekwe kununua mbao. Ili asije mtu akamlisha chochote, ulimfungia Shaba katika stoo ya makaa pale uani, ukatia kufuli, ukaivuta mara mbili kuhakikisha. Uliporudi alasiri tulimkuta amekufa, amenyooka, povu mdomoni, ameharisha, makucha yamechubuka. Ukasema neno moja, sumu. Ukatoka nalo mpaka barazani. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika shati la mbwa, nakuamini kwa kila kitu. Lakini nilijiuliza, na sikuthubutu kukuuliza wewe, sumu ilipitaje kwenye mlango wenye kufuli. Baadaye ukasema imepitia upenyo wa chini, na mimi nikaukubali upenyo ule kwa miaka yote hii.

Tangu hapo kila Idi tulipeleka sahani za tambi nyumba zote za njia yetu, tukaruka mlango mmoja. Ukazidi kuzeeka, ukamleta Doria angali mtoto, ukafariki, ukaniachia nyumba, mbwa, na ule mlango wa kuruka.

Sasa sikiliza yaliyotokea kaskazi hii. Asubuhi moja nilikuta bakuli la bati pale pale kwenye mlango wa mbao, upande wetu, limejaa maji safi. Sikuliweka mimi. Nililinusa. Halikunuka kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana sumu nzuri, ulisema wewe, hainuki. Nikamwaga. Kesho yake limejaa tena. Nikaimwagia maji yale asumini yetu ya kwenye karai, nikakaa kuitazama kama itanyauka. Ilichanua. Nikaanza kuishuku na asumini. Wala usicheke, Ami, hivyo ndivyo ulivyonifanya.

Nilimvizia Bi Zuwena kwenye upenyo wa dirisha. Kazeeka, kiuno kimemgeuka, anatembea ameshika ukuta. Nilimwona akimtazama Doria kwa muda mrefu, midomo inacheza, nikajua ananuiza, anamsomea uchawi. Nilipomsalimu njiani shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza mbwa anaendeleaje na joto hili. Miaka yote hajaniuliza habari za mbwa. Nikamjibu hajambo, nikaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo zote mbili.

Siku moja nilikuwa na safari ya Mwanakwerekwe, kununua unga na nazi za kuweka kabla ya Ramadhani. Bakuli lilikuwa limejaa tena. Nikasema leo simwachi Doria uani na maji ya mtu. Nikamtia stoo. Nilimwekea maji yake mwenyewe, niliyoyachota kwa mkono wangu, na nikajisifu kwamba nimemweka kivulini. Niliona kivuli, Ami, sikuliona bati la juu. Wewe ulinifundisha kulipima jiwe kwa unyayo, hukunifundisha kulipima paa, kwa sababu wewe mwenyewe hukulipima. Nikatia kufuli. Nikaivuta mara mbili.

Sokoni nilikawia, foleni ya unga haikusogea. Niliporudi, jua limeshapinda, kitu cha kwanza nilichokiona ni mlango wa stoo wazi, pete ya komeo imeng'oka pamoja na kipande cha ubao, na mchi wa kinu umelala chini. Cha pili, Bi Zuwena yupo bombani kwetu, ameinama, mikono yake mpaka viwikoni imejaa udongo. Nikasema ndani ya nafsi yangu, kamuua, sasa anazika dawa yake. Nikaidondosha mifuko. Nikamuuliza kwa sauti iliyosikika njia nzima amefanya nini nyumbani kwangu. Hakugeuka. Alifungua maji yakapita mikononi mwake.

"Sita," akasema.

Akafungua tena.

"Saba."

Hesabu ile naijua. Nimeisikia utoto wangu wote kwenye bomba lile lile. Mtu anayezika dawa haoshi mikono hivyo. Huosha hivyo mtu aliyemshika mbwa.

"Mbwa wako mzima, yuko ndani kwangu, sakafuni," akanambia, anajifuta kwa pindo la kanga. "Mlango wako nshauvunja. Tafuta fundi."

Alimsikia Doria akikwaruza mlango, akaniita, hakuna jibu, akauchukua mchi. Alimkuta anayumba, mate yamekuwa mazito, macho hayamtambui mtu, bakuli langu limepinduka. Alimburuta mwenyewe, kwa kiuno kile. Alimlaza ukumbini kwake, kwenye sakafu yenye baridi, akamlowesha tumbo na makwapa na nyayo kwa maji ya mtungini, si ya barafu, kisha akakaa na kipepeo cha ukindu akimpepea kama mtu anayepepea jiko. Alipoweza kuinua kichwa akampa maji kidogo kidogo. Kanga aliyoitumia kumlowesha ilikuwa mpya. Doria aliponiona alitikisa ncha ya mkia tu, nikalia.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaja, akampima joto, akasema tumlaze pale pale na tuendelee kumpa maji. Akaniambia mbwa hatoki jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, na ndani ya chumba cha bati kuhema hakumsaidii, anakuwa anavuta moto anatoa moto. Hata hapo shaka haikuniacha. Nilimuuliza kwa siri, mlangoni, dalili za sumu ni zipi. Akazitaja: kuyumba, povu, kutapika, kuharisha, kuzimia. Nikamuuliza za joto. Akanitazama, akazitaja hizo hizo.

Nilimweleza habari za Shaba, na stoo, na kufuli. Hakuapa kwamba ni joto lililomuua, ni daktari mwangalifu. Aliuliza tu kama mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, na kama makucha yalikuwa yamechubuka. Nilipomjibu ndiyo kwa yote mawili, alitikisa kichwa akaenda zake.

Nilirudi nikakaa sakafuni karibu na Bi Zuwena. Nilimuuliza lile ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, siku ya Shaba alikuwa wapi.

"Nlikuwepo," akasema. "Nlimsikia, kama nlivomsikia huyu leo. Akakwaruza, akakwaruza, kisha akanyamaza."

Nikamuuliza mbona hakufanya kitu.

"Ami yako alinambia nisimsogelee mbwa wake," akasema. "Nikatii."

Aliendelea kupepea, na Doria alikuwa amekwisha kupoa. Ile midomo niliyoiona ikicheza upenyoni haikuwa ikinuiza. Alikuwa akimwita kwa jina, polepole, asije mtu akamsikia na kumpigia teke bakuli. Barazani ulipomtaja hakujibu, alinambia, kwa sababu angejibu angelazimika kusema kwamba alisikia, na hilo hakuweza kulisema mbele za watu. Kwa hiyo akaubeba uongo wako juu ya ukweli wake, vyote viwili, mwanamke mmoja. Nimekukasirikia sana, Ami. Nimekukasirikia na kukuonea huruma kwa pamoja, maana ulimpenda yule mbwa kuliko watu wengi, na ulimfungia kwa mkono wako ili umlinde.

Stoo sasa haina mlango. Fundi alipokuja nilimwambia autoe wote. Doria anatoka baada ya alfajiri, navua kandambili kwanza kama ulivyonizoesha, tunashuka Shangani, namtupia kumbi, naye kama Shaba hujisahau kwa kaa. Mchana analamba barafu yake ya maji ya samaki ukumbini kwa Bi Zuwena, kwa kuwa sakafu yake ina baridi kuliko yetu, na bibi mwenyewe anajifanya hataki huku ameshamwekea mkeka mkuukuu. Makopo ya udongo yamekuwa mawili, moja bombani kwetu, moja kwake. Bakuli la bati analijaza kila asubuhi. Nami nalinusa bado, nakuambia kweli. Nikishalinusa namwita Doria anywe. Bi Zuwena ananiona, na ananiacha ninuse.

Idi hii nilipika tambi, nikazipeleka mlango ule kabla ya milango mingine yote. Alinikaribisha, akaiweka sahani mapajani, akaiondoa kawa iliyoifunika. Halafu akainamisha uso wake akainusa, taratibu, muda mrefu, vile vile hasa ulivyokuwa ukiinusa chai ya dada yako. Akaniinulia macho. Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono nikachota tambi kidogo kwa vidole, nikala mbele yake, nikameza.

Ndipo naye akala.

Pumzika, Ami. Mlango ule haturuki tena.

Mtoto wa nduguyo uliyemlea,
Rahma