Mngurumo kwenye Kanda ya Aabo

Jumatatu, 10 Februari
Valvu, zile taa za kioo za amplifaya yangu, zimechukua dakika kumi na tano kupata moto, kama kawaida. Mke wangu Mwanaidi anasema mimi ndiye mtu pekee Garissa anayenunua joto. Ana mdomo huyo! Nimepima tena amplifaya. Wati nne kila upande, kelele karibu hakuna, mstari kwenye skrini umelala kama mkeka. Watu husema valvu ina sauti tamu. Utamu huo ni upotoshaji mdogo unaopimika, na mimi naupenda huku nikiujua. Alhamdulillahi, stima haikukatika leo.

Eeddo Shamsa, dada ya marehemu baba yangu, anafika kesho kutoka Habaswein. Anakuja na kanda.

Jumanne, 11 Februari
Kanda ndiyo hii. Aabo, baba yangu, aliirekodi hapa hapa mtaani Waberi, akamtumia dada yake. Siku hizo watu wetu hawakuhangaika na barua. Ulibonyeza kitufe, ukasalimu, ukauliza habari za ngamia, kanda ukampa dereva wa lori. Aabo alifariki nikiwa na miaka miwili. Sauti yake siijui kabisa. Eeddo ndiye wa mwisho aliye hai anayeikumbuka, na Jumamosi anarudi kwake.

Tulisikiliza baada ya alasiri. Eeddo akakunja uso. Akamgeukia Mwanaidi, ambaye ni Mpokomo na Kisomali hajui, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hii si ndugu yangu. Ndugu yangu iko na sauti nzito, naongea bole bole. Hii ni kijana nakimbiza mbuzi."

Nilimwonyesha Eeddo michoro ya vipimo vyangu kwenye kompyuta. Nikamwambia mashine haidanganyi. Halafu chini ya sauti kuna mngurumo unaoniudhi.

Jumatano, 12 Februari
Siku nzima nimepigana na mngurumo. Nimebadilisha kapasita mbili. Nimekaza waya wa ardhi. Upo tu.

Eeddo haulizi kitu. Nimemkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mama wa watu ametunza kanda miaka yote kwenye sanduku la nguo, halafu mimi namfundisha sauti ya kaka yake. Lakini kama anasema kweli, kwenye kanda yuko mtu mwingine, na mimi sina baba wa kumsikia. Naogopa. Chai ya jioni sikuimaliza.

Alhamisi, 13 Februari
Pumbavu mimi.

Asubuhi nilitoa kanda, nikaiacha deki inazunguka tupu, mngurumo ukapotea. Kumbe amplifaya haina kosa. Mngurumo umo ndani ya kanda yenyewe. Ni stima ya nyumba ile ya zamani, iliingia kwenye kinasa sauti pamoja na maneno ya Aabo. Stima yetu hunguruma mara hamsini kwa sekunde, zamani na sasa. Kompyuta inaonyesha hamsini na tano. Nimesoma mara tatu. Deki inaikimbiza kanda! Sauti ya mtu mzima ikikimbizwa hivyo, lazima iwe ya kijana.

Yaani nimepima amplifaya hadi volti ya mwisho, na deki sikuigusa. Fundi gani huyo? Eeddo alikuwa sahihi tangu mwanzo, tena bila skrini.

Kuna skrubu ndogo nyuma ya mota ya deki. Nimeunganisha deki na kompyuta, spika kimya, nikaizungusha skrubu kidogo kidogo kwa bisibisi ya fundi saa mpaka mngurumo ukakaa hamsini. Nikazima. Sikuthubutu kusikiliza peke yangu.

Ijumaa, 14 Februari
Tulirudi kutoka msikitini. Nilimwomba Eeddo msamaha kwanza, ndipo nikabonyeza.

Aabo akasalimu. Sauti nzito, polepole, ya mtu asiye na haraka na dunia. Eeddo akaitikia salamu. Aabo akauliza kama yule ngamia mweupe amepatikana. Eeddo akamjibu: ndiyo walaal, ndugu yangu, alipatikana kisimani, alizaa mara tatu. Akaendelea kumjibu kaka yake, swali kwa swali, mpaka upande ukaisha. Nililia. Sitaficha, daftari ni langu.

Namshukuru Mungu kwa mngurumo niliotaka kuuua. Namshukuru Eeddo kwa ukaidi wake. Kama angenionea haya na kusema ndiyo, ni yeye, ningeishi na sauti ya mgeni.

Jumamosi, 15 Februari
Eeddo ameondoka na basi la asubuhi. Nakala ameibeba kwenye simu, kanda ameniachia mimi.

Mchana niliweka upande wa pili. Sikupima chochote. Mwanaidi alikuwa jikoni anachambua mchele, mlango umerudishwa. Aabo akasema maneno machache.

"Abee, nakuja!" Mwanaidi akaitika.

Akaja anafuta mikono, akaniuliza nimemwitia nini.

Sikuwa nimefungua mdomo; aliyesikika ni Aabo.