Wekundu wa Nyanga

Dar es Salaam, 4 Machi 1989

Tata mpendwa,

Shikamoo. Nakupigia magoti kutoka huku mbali. Mimi mzima, hofu kwako na Mama.

Ofisini nimepewa picha mbili za Bukoba zilizopigwa na satelaiti, moja ya kabla ya vita, nyingine ya mwaka jana, nitazame kilichobadilika. Humo majani mabichi huonekana mekundu. Yakistawi, wekundu unakolea. Kijiji chetu cha Nyanga kimekolea kuliko zamani. Nitaandika kwenye ripoti kwamba migomba imestawi. Mpongeze kaka Ildefons kwa kukitunza kibanja, shamba letu la migomba. Mbona hajibu barua zangu, bado amenuna?

Binti yako,
Klaudia

Nyanga, 20 Mei 1989

Mwanangu Klaudia,

Marahaba. Sisi tunapumua.

Nilimsomea mama yako barua yako, akaenda jikoni akakaa huko hadi jioni. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua pa kuanzia.

Wekundu huo si migomba, ni pori. Jirani Buberwa, mkewe na wanawe wamekwisha kwa ugonjwa huu mpya wa kukondesha watu, na magugu yamefika dirishani kwao. Kwetu pia, tangu Ildefons alipougua hakuna wa kupalilia. Hakununa, mwanangu. Tulimzika Novemba, nyuma ya nyumba. Alinikataza kukuandikia kabla hujafanya mtihani wako wa mwisho chuoni, na ulipofanya, nikaogopa.

Usiandike kwamba tumestawi.

Baba yako

Dar es Salaam, 2 Juni 1989

Tata,

Shikamoo. Poleni, nami najipa pole. Nimempongeza marehemu kwa kilimo, na moyo unaniuma mno.

Ile sentensi nimeifuta. Mahali pake niliandika kwamba wenye mashamba wamekufa. Mkuu wangu akaikata, ati picha haioneshi hilo.

Nimeomba likizo. Nataka kuja kupalilia, na kibanja nirithi mimi, ingawa ni mwanamke. Nikikiacha, nitakaa hapa mezani nikikitazama kinavyogeuka pori. Waulize wanaukoo.

Klaudia wako

Nyanga, 9 Julai 1989

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako siku hizi anakula kidogo.

Ukoo ulikaa jana. Walikataa, wakasema kibanja cha mababu hakirithiwi na binti. Nikawaambia sawa, nitajieni kijana wa kiume nimkabidhi. Wakamtaja mmoja, mtu akasema, huyo tulimzika. Akatajwa wa pili, kisha wa tatu, ikawa hivyo hivyo. Mwishowe wakachukua fimbo zao, mmoja mmoja, wakaenda.

Hakuna aliyesema ndiyo. Wewe njoo tu.

Tata