Kuogelea si Kuoga

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na nyonga haikusumbui kwa baridi hii ya mvua. Mimi mzima, ila kazi imenibana kama kiatu kipya.

Ofisi yetu imeandaa dodoso la wazee: wiki iliyopita ulitembea kiasi gani, ulifua, ulipanda ngazi, ulicheza mchezo gani. Kabla ya kuwauliza mamia ya watu, tunalijaribu kwa wachache tuone kama maswali yanaeleweka. Nakala yako hii hapa. Jaza ukweli, usijaze cha kunifurahisha. Najua utaandika "hapana" kurasa zote, maana tangu uanguke mwaka jana tulikubaliana utulie na jirani akufulie. Hata "hapana" zako zina faida kwetu.

Kitinda mimba wako

12 Machi

Mwanangu kitinda,

Marahaba. Nyonga imenyamaza, ila mimi kunyamaza nimeshindwa. Dodoso nimelijaza, na yote nimeyaelewa isipokuwa hilo swali la "shughuli za wastani". Wastani wa nani? Mimi nikipanda ngazi mpaka mlangoni nahema, jirani anapanda hadi ghorofa ya juu huku anaimba. Lirekebisheni.

Mengine nimejibu kweli tupu, kama ulivyotaka. Kula vizuri, picha uliyotuma inaonyesha mifupa.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Umetusaidia sana. Swali sasa linasema: "shughuli inayokufanya uheme lakini bado uweze kuongea." Msimamizi wangu anakusalimu.

Kuna jibu lako moja limetuchekesha ofisini. Kwenye kuogelea umeweka ndiyo, mara mbili kwa wiki, saa nzima. Mama, kuogelea si kuoga. Usione haya, si wewe peke yako, kuna wazee wengine kadhaa wameweka ndiyo hapohapo. Nimeruhusiwa kuyafuta majibu hayo yote kama makosa, na la kwako nimeanza nalo. Ila saa nzima bafuni utapata mafua.

Kitinda

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimepiga chapa barua za wakubwa tangu usichana mpaka nastaafu. Kuoga nakujua na kuogelea nakujua.

Naogelea. Mtaalamu wa viungo pale kliniki ndiye aliyenituma. Alisema nyonga haihitaji kiti, inahitaji kazi, na maji yatanibebea uzito. Nikaenda bwawa la manispaa, lile lenye paa la bati, nikakuta darasa la watu wazima. Siku ya kwanza nilishika ukingo kama kupe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwalimu akaniambia, "Mama, ukingo hauna shida, wewe uachie tu." Nikauachia, na maji yakanipokea. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Mwili huu niliokuwa nauburuta kama gunia ukawa mwepesi.

Sikukwambia kwa sababu ungenikataza, nami ningekutii. Simu zako sitapokea mpaka uisome barua hii mara mbili, kwa simu unanikatiza.

Mwisho wa Mei navuka bwawa lote, na ule upande ambao miguu haigusi chini. Lirudishe jibu langu.

Mama yako

5 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya huu. Kwanza nilikasirika, halafu nikaogopa, na woga ulikaa zaidi. Nilimpigia mtaalamu wako. Akasema, "Mama yako ni mgonjwa wangu mtiifu kuliko wote. Wewe ndiye unayemkalisha."

Baada ya hapo sikuweza kuyaacha yale majibu niliyoyafuta. Nikawafuata wenyewe, mmoja mmoja. Bibi mmoja kweli alimaanisha kuoga, akaniuliza kwani mimi siogi kila siku. Lakini wa pili, dereva mstaafu wa malori, alinionyesha nguo yake ya kuogelea ikiwa bado mbichi kwenye kamba. Na wa tatu vilevile. Mama, nilirudi ofisini nikikimbia. Nilimwambia msimamizi tulikuwa tunafuta watu, si makosa. Majibu yote ya wanaoogelea kweli yanarudishwa, na sasa hakuna jibu linalofutwa kabla mwenyewe hajaulizwa.

La kwako limerudi la kwanza. Mwisho wa Mei nakuja.

Kitinda

9 Juni

Mwanangu kitinda,

Marahaba, na pole na safari. Siku ile bwawani hatukupata kuzungumza, kila mtu alikuwa anaongea kwa wakati mmoja. Acha nikwambie nilichokiona kutoka majini.

Nilipoanza ulikuwa umekaa kwenye benchi, umekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nilipovuka kamba ya kuingia kina kirefu ukasimama. Mbele kidogo pumzi ikapungua. Sikuogopa. Niligeuka chali nikaelea, kama nilivyofundishwa, nikawa natazama bati la paa. Wewe hilo hukulijua. Uliona mama amekoma kwenda.

Nikasikia kishindo. Kugeuza shingo, nakuona kwenye kina kifupi, na viatu, na mkoba, maji yamekufika kifuani, unaita "Mama", na mwalimu amekushika kola. Mtu asiyejua hata kuelea anakuja kuniokoa.

Nikacheka, nikameza maji, nikageuka nikaendelea mpaka nikagusa ukuta. Wenzangu wanasema nilifika nikicheka. Nilikuwa nalia, ila humo majini nani angejua.

Tangu nianguke wewe ndiye umekuwa ukinishika mkono. Siku ile ni mimi niliyerudi kukushika na kukupandisha ngazi za bwawa, na mguu wangu haukuyumba. Nadhani ulihisi.

Jumanne naanza kujifunza kupiga mbizi. Safari hii nakwambia mapema.

Mama yako