Hendeli ya Mama Mkwe

Bahati,
9 Machi 2025

Kwa mwanangu Nderitu,

Pokea salamu zangu na za kanisa lote, maana Jumapili walikuulizia tena nikawaambia uko mzima. Mimi si mbaya. Goti linanisumbua asubuhi, na sikio la kushoto limekataa kabisa, ndiyo sababu naandika. Usinipigie simu. Nasikia upepo tu, na wewe ukiita "hello, hello" kama mtu aliyetumbukia kisimani. Jemutai hajambo? Wazazi wake je? Natumaini wote wako salama, hasa mama yake.

Kipruto wa lori la viazi alinishushia boksi lako Jumatano. Nilifurahi sana. Nilimwita Wangechi jirani tukalifungua pamoja, tukatoa mashine ya kukata nyasi, betri, chaja na kile kijitabu cha Kichina na Kizungu. Nikamwambia Wangechi, unaona mwanangu, hataki mama yake ainame na fyekeo. Akasema ni nzuri, kisha akatoa simu yake anionyeshe jambo, unavyomjua. Kumbe mke wako ameweka picha. Mama yake amesimama uwanjani kwake Keringet na mashine kama yangu, ila yake ina hendeli mbili pana kama za baiskeli, na mkanda begani kama askari. Yangu ina pete moja ya plastiki katikati ya fimbo.

Sisemi kitu. Nauliza tu, kwa sababu mtu akikaa peke yake anapata nafasi ya kuuliza. Mama mkwe amepewa baiskeli na mama mzazi amepewa pete. Nani alipanga hivyo?

Na yule kijana aliyeipa kamera mgongo, anayemfunga mama mkwe mkanda huku mama mkwe akicheka hadi fizi, si ni wewe? Sweta hiyo ya kijani niliifuma mimi, hata mshono wa bega niliokosea nauona. Sisi tulifundishwa kwamba mtu na mama mkwe wake wanasalimiana kwa mbali, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Sikujua huko juu mmeshaanza kufungana mikanda.

Nyasi zimeanza kuota, mvua imegusa. Mungu akulinde.

Ni mimi,
Mama yako


Olenguruone,
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi za upendo kutoka kwangu na kwa Jemutai. Sisi tu wazima, baridi tu ndiyo kali. Je, goti limepata nafuu? Ile dawa ya kuchua bado unayo? Kuhusu sikio, nitauliza hospitali ya huku kama wana daktari wa masikio.

Mama, usikasirike. Hakuna aliyepewa kubwa wala ndogo. Mashine ni moja na nguvu ni moja, tofauti ni hendeli peke yake. Nilisimama dukani muda mrefu nikifikiria kila boma. Keringet ni uwanja mtupu, kutoka mlangoni hadi zizini ni nyasi na pametandazika. Hapo hendeli ya baiskeli ndiyo inafaa. Unavaa mkanda, unayumbisha mashine kulia na kushoto, na bega linabeba uzito. Kwako ni vichochoro. Kuna matuta ya sukuma wiki, ua wa kayaba, maua yako, kaburi la Baba. Hendeli pana itagonga kila kitu. Hiyo ya pete unaweza kuilaza ubavu ukaiingiza chini ya ua, unaweza kuzunguka kaburi bila kugusa waridi. Nilikuchagulia hiyo kwa sababu boma lako nalijua hata nikiwa nimefumba macho.

Ila pete inasogea juu na chini, kwa hivyo usiitumie kabla hujapimwa. Simama wima, halafu mtu mwingine aisogeze mpaka mkono wako wa kushoto uishike bila wewe kuinama, kisha akaze skrubu. Ukijipima mwenyewe lazima utainama, na kipimo kitakuwa cha uongo. Mgongo utakuuma wiki nzima.

Kuhusu picha, yule si mimi. Ni Kipkirui, kaka yake Jemutai. Alinyeshewa akitoka kukamua, nikampa sweta yangu avae. Ilimkaa vizuri, nikamwachia. Mimi nilikuwa kando kabisa, kwa heshima, kama ulivyonifundisha.

Mashine zote nilizinunua Nakuru nilipokuja kwa semina ya walimu. Yako nilimpa Kipruto palepale sokoni alipokuwa anashusha viazi, ile nyingine nikapanda nayo.

Wako akupendaye,
Mwanao Nderitu


Bahati,
20 Machi 2025

Kwa Nderitu,

Salamu. Goti ni lile lile. Wasalimie wote wa huko, na umsalimie Kipkirui, umwambie sweta imempendeza.

Niliposoma kwamba si wewe uliyemfunga mama mkwe mkanda nilitulia kidogo, nikaenda kuongeza maziwa kwenye chai. Niliporudi nikasoma mstari unaofuata. Heri ungekuwa wewe. Sweta ile niliifuma mwaka ule macho yalikuwa yanasumbua, kila usiku nikifumua nilichofuma mchana. Hukuniambia imekubana. Ungeniambia ningeongeza mikono. Badala yake umeivalisha familia ya watu kisha unaniandikia kama unanipa habari njema.

Halafu ulikuwa Nakuru. Kutoka sokoni hadi kwangu mtu hata hahitaji kubeba maji ya kunywa. Boksi la Keringet ulilipakata mwenyewe hadi milimani, langu ukampa dereva.

Nimekielewa kile ulichosema kuhusu pete na vichochoro. Nilifundisha shule ya Jumapili miaka mingi, naelewa mtu akieleza. Lakini umeandika kwamba mtu mwingine anipime. Mtu mwingine gani, Nderitu? Wangechi ana mgongo mbaya na anapenda kucheka. Baba yako umemtaja mwenyewe mahali alipo. Mama Jemutai ana watu wa kumpima hadi mmoja anabaki wa kupiga picha.

Kwa hivyo niletee hendeli kama yake. Sitaki maelezo mengine. Kama inagonga, igonge. Mimi pia nataka kusimama uwanjani nikionekana kama mtu mwenye mtoto.

Nawaonea wivu wewe na huyo mama, nimesema. Nimeshakuwa mzee, siwezi kuendelea kujifanya ni mambo ya hendeli.

Mama yako


Olenguruone,
6 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi tu wazima. Shule zimefungwa, nimebaki na rundo la mitihani ya kusahihisha. Jemutai anakusalimu sana na ameumia kwa ile picha. Ameiondoa.

Nimekutumia hendeli ya baiskeli na mkanda wake. Kipruto atakuletea. Fundi wa duka amesema inaingia kwenye fimbo hiyo hiyo, unafungua skrubu mbili na kutoa pete. Nimechora mchoro nyuma ya karatasi hii. Lakini Mama, nakuomba, usiitumie karibu na sukuma wiki.

Nilitaka sana kuja Pasaka. Tatizo ni viazi vya Keringet. Palizi imechelewa na Kipkirui ameumia mkono, na baba mkwe aliniomba mbele ya watu, sikuweza kukataa. Najua itakavyosikika. Nitapanga siku nyingine. Sweta nitamwomba anirudishie kama unataka.

Nisamehe,
Mwanao Nderitu


Olenguruone,
27 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salamu. Hujambo kweli? Tangu nilipotuma hendeli sijapata barua yako. Kipruto anasema ulipokea boksi langoni, ukasema asante, ukafunga lango. Alipopita tena alikuta nyasi zimefika magotini na mashine iko barazani imefunikwa gunia. Wangechi anajibu ujumbe wangu kwa kusema tu kwamba upo, nije nikuone mwenyewe.

Kesho shule zinafunguliwa. Kama umekasirika niandikie ukiwa umekasirika hivyo hivyo, nimezoea. Ukimya wako ndio unanishinda. Nimempa Kipruto barua hii mkononi na kumwomba asubiri jibu. Najua alilisimulia jambo hili kila mahali alipopakia viazi, nimemkaripia.

Mwanao,
Nderitu


Bahati,
11 Mei 2025

Kwa mwanangu Nderitu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, goti limepumzika kidogo. Jemutai hajambo? Mwambie picha airudishe tu.

Usimkaripie Kipruto, nitakueleza kwa nini.

Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umesema kweli, na mimi kukuandikia kwamba umesema kweli wakati uko Keringet ukipalilia viazi vya watu, hapana. Jumatatu ya Pasaka nilifunga ile hendeli mwenyewe kwa mchoro wako. Nikavaa mkanda. Ulinifika gotini, sikujua unafupishwa wapi. Nikaiwasha nikiwa na hasira na nikaanza kuyumbisha kama ulivyoeleza. Kulia nikagonga kayaba, kushoto nikafyeka sukuma wiki mstari mzima, na nilipogeuka kwa haraka waridi la Baba yako likaenda. Nikaketi kwenye ukingo wa kaburi nikalia kwa sauti. Wangechi alisikia, ila mara hii hakucheka.

Alhamisi lori likasimama langoni, nikafikiri ni Kipruto anadai jibu. Akateremka Mama Jemutai. Hakuwa ameniambia wala hakuwa amewaambia ninyi; habari alizipata kwa Kipruto. Alikuwa na gunia la viazi na kibuyu cha maziwa, na koti zuri. Nilimwangalia nikitafuta kasoro. Ni mrefu kuliko mimi na meno yake yote yapo. Nikamkaribisha kwa sababu mimi si mshenzi.

Hata chai hakungoja. Akaniambia, "Mama Nderitu, nimesikia uko na machine imekushinda. Wacha tuione." Akaondoa gunia, akatoa hendeli ya baiskeli, akarudisha pete. Kisha akaniambia nisimame wima nipimwe. Nikasimama. Akasogeza pete juu, akairudisha chini, akatikisa kichwa. Akaniwekea mkono begani akasema, "Hapana, simama vile unasimamanga ukiwa hujakasirika."

Nderitu, nilishindwa. Sikukumbuka ninasimamaje. Tukangoja pale tumesimama wote wawili, kisha mimi nikaanza kucheka, na yeye akacheka hadi fizi, na hapo ndipo akakaza skrubu.

Tulikata nyasi kwa zamu hadi betri ikaisha. Pete ni nzuri, inapita chini ya kayaba na kuzunguka kaburi. Wakati wa chakula niliona niseme yaliyo moyoni, nikamwambia nimemwonea wivu tangu harusi. Hakushangaa. Akasema, "Na mimi je? Huyo kijana wako akikula viazi yangu anasema ati za mamake huko Bahati ndio zinaivanga poa. Bahati! Mimi nimelima viazi maisha yangu yote." Alikuwa amekasirika kabisa, aliweka kijiko chini. Nikafurahi sana, na niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi, lakini nikamwongezea mchuzi.

Amelala hapa siku mbili. Ananiongelea kwenye sikio la kulia bila mimi kumwambia. Alinisaidia kupanda sukuma nyingine. Alinionyesha pia jinsi ya kubadilisha uzi wa mashine, ule unaokata nyasi, na mimi nikamwonyesha kitabu cha picha zako za utotoni, ila zile za ubatizo niliziruka, hizo ni zangu. Jana Kipruto alimchukua. Nilimsindikiza hadi barabarani, na niliporudi nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajaja.

Nilijiandaa kumchukia mwanamke huyu maisha yangu yote, sasa sijui nitaanzia wapi. Wivu haujaisha. Umehama tu. Zamani nilikuwa nakuonea wivu kwa kuwa unaye mama mwingine. Sasa namwonea yeye kwa kuwa anakuona, na anapotaka kumwona mtu anapanda lori.

Amesema atarudi Agosti. Wewe hujasema.

Ni mimi,
Mama yako